Ndugu Ignas Mloka, Aliyepima Mkojo na Moyo kwa Daftari Moja

Baba Padri, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, mama yetu mfiwa Magdalena, watoto, wakwe, majirani wa Bigwa, na ninyi mlioteremka kutoka Mgeta tangu alfajiri na matope yenu miguuni, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba hata kabla hamjasema. Mimi naitwa Hatibu Mihayo, Mnyamwezi, mtoto wa mkata mkonge wa Kingolwira, elimu yangu darasa la nne kasoro mtihani, na nimesimama hapa leo Jumapili tarehe 11 Machi 1984 kwa sababu mbili, ya kwanza kwamba mimi ni mtani wa marehemu, na mtani msibani hafungwi mdomo, ya pili kwamba marehemu mwenyewe aliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa wino wa bluu, na familia imeuona, "Historia yangu aisome Hatibu, maana atadanganya vizuri, na akichoka kudanganya atasema kweli." Basi haya nitakayosoma yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili, sikusimuliwa na mtu, na mwenye kubisha angoje tumalize kuzika.

Marehemu Ignas Mloka alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Mei 1927, katika kitongoji cha Kibagala huko Mgeta, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi waliokuwa wakulima wa mboga, na siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito ambao naukumbuka vizuri, ingawa mimi nilizaliwa miaka kumi na miwili baadaye, lakini ukungu wa Mgeta ni uleule, ukiuona mara moja umeuona wote. Akiwa na umri wa miaka saba alimfuata beberu wa baba yake kutwa nzima na kibuyu mkononi, akitaka kujua mnyama yule anakunywa maji kiasi gani na anatoa kiasi gani, na kwa nini hesabu hazilingani, hata mama yake, bibi Regina, akawaambia majirani, "Huyu wangu hataoa mke, ataoa kibuyu." Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo baadaye ilimpa jina, na ilimpa pia machozi, nanyi mtasikia.

Alianza shule ya misheni mwezi Januari 1936, akamaliza darasa la sita mwaka 1942, akakaa nyumbani miaka minne akilima kabichi na kuuliza maswali yasiyo na wakati, kisha tarehe 1 Februari 1947 akaajiriwa kama dresa wa kufunga vidonda hapa mjini Morogoro, na kati ya mwaka 1961 na 1963 alihudhuria mafunzo akawa Mganga Msaidizi, ingawa sisi wote tulimwita Daktari, naye hakuwahi kutusahihisha, tuseme kweli, alipenda.

Tarehe 29 Julai 1950 alifunga ndoa takatifu na Magdalena, binti wa mlima wa pili kutoka kwao, na bibi Regina akalipa deni la maneno yake kwa kumtunza bibi harusi kibuyu kilichonakshiwa, ambacho kipo ndani humo hadi leo. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza Margareth, mwalimu, ambaye aliniomba jana nisitaje neno mkojo zaidi ya mara tatu mbele ya Padri, nami nilimwahidi, lakini Margareth mwanangu, kueleza maisha ya baba yako bila neno hilo ni kama kueleza maisha ya mvuvi bila neno samaki, nisamehe.

Tarehe 1 Julai 1969 marehemu alihamishiwa zahanati ya Kijiji cha Ujamaa Tupendane, bondeni, njia ya kwenda Dakawa, ambako kuna mifereji ya mpunga, na huko ndiko alikonikuta mimi, mhudumu wa zahanati, mfagiaji, mchota maji, mshika taa na mtunza daftari la wagonjwa, yaani bila mimi zahanati ilikuwa ni bati tu na mlango. Mwaka 1971 padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia darubini ya shaba ya kutazamia vijidudu, yenye kioo kidogo chini kinachokamata mwanga wa jua na kuupandisha hadi kwenye jicho, na kwa kuwa hatukuwa na umeme, siku yenye jua tuliona dunia nyingine, na siku yenye mawingu tuliona kope zetu wenyewe. Shikeni habari hiyo ya jua, itatufaa mbele.

Sasa watu wa Tupendane walikuwa na desturi yao, nami siwacheki kwa sababu kila mtu ana ya kwao. Mvulana akifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mkojo wake ukaanza kumalizika kwa matone mekundu, wazee walisema ameiva, amekuwa mwanaume, na baba yake alimchinjia jogoo, akala paja lote peke yake mbele ya wenzake. Marehemu alipowaambia kwamba ile ni damu, na damu ile ni ugonjwa wa kichocho unaotoka kwenye mifereji, Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Abdallah, alimjibu kwa upole mbele ya mkutano, "Daktari, mimi nilichinjiwa jogoo mwaka 1931, nina wake wawili na watoto kumi na mmoja, huo ugonjwa wako uliniuguza lini?" Watu wakacheka, na marehemu naye akacheka, kisha akafungua daftari akaandika jibu la mzee neno kwa neno, maana yeye hata akishindwa alitaka kujua ameshindwaje.

Mwezi Agosti 1974 zikateremshwa kijijini kwetu familia thelathini na mbili kutoka mlimani, watu wa kabichi na njegere, ambao kwao maji ni ya baridi na kichocho hakipandi huko, na akina mama zao waliwakataza watoto kuingia kwenye mifereji, wakiogopa mamba ambaye hakuwepo. Basi vijana wao wakafika miaka kumi na mitatu, kumi na minne, kumi na mitano, mkojo mweupe kama wa malaika, na wenyeji wakawapa jina, "Maji ya Mgeta," wakipita njiani, "Maji ya Mgeta hao," wakiomba kucheza mpira, "Kanyonyeni kwanza." Ndugu wafiwa, tazameni mambo ya ulimwengu, wagonjwa ndio waliotamba, na wazima ndio walioinamisha vichwa.

Kati ya hao alikuwemo Bonifasi, mwana wa Gabrieli, umri miaka kumi na mitano, darasa la sita, wa kwanza kwa hesabu, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1975 aliacha mpira, akaacha kula na wenzake, akawa anakaa nyuma ya ghala la mpunga kutwa akichora namba ardhini na kuzifuta. Kisha bibi yake akateremka kutoka mlimani kumsalimu, akaleta kikapu cha bitiruti, vile viazi vyekundu vya bustani ya misheni, na kijana akagundua jambo ambalo mkulima yeyote wa Mgeta analijua na hakuna mtu wa bondeni aliyewahi kulisikia, kwamba ukila viazi vile kwa wingi, wewe mwenyewe unatoka mwekundu.

Siku ya Jumatano, tarehe 16 Aprili 1975, Bonifasi alikuja zahanati kwa miguu yake, ameinua chupa ya soda juu ya kichwa kama kombe la mpira, wenzake nyuma yake, akisema, "Haya oneni, nani Maji ya Mgeta sasa?" Siku hiyo marehemu alikuwa mjini kufuata dawa, na chupa ile ilipokelewa na mhudumu wa muda aliyeitwa Paulo, kijana mmoja mrefu mwenye mwanya, ambaye alikaa nasi miezi miwili tu kisha akahamia Kilosa, na huyo Paulo, kwa kuwa masika yalikuwa yameshika na mawingu yameufunika mlima wote, hakungoja jua litoke, alitazama rangi ya chupa kwa macho makavu, akaandika kwenye daftari kwamba mayai ya kichocho yameonekana, misalaba miwili, yaani mengi. Marehemu alirudi Alhamisi, akasoma daftari, akaliamini, akampa kijana vidonge vya kichocho vya wakati ule, vikubwa, vya manjano, vya siku saba, ambavyo wengi viliwapita salama, na wachache viliwapanda kichwani.

Bonifasi alikuwa miongoni mwa wachache. Siku ya Jumatatu tarehe 21 Aprili, saa mbili asubuhi, tulimkuta juu ya bati la ghala, hajalala siku tatu, anawaita mbuzi wa babu yake kwa majina, mbuzi kumi na wanne waliobaki Mgeta, na mama yake alipomwita kutoka chini alimtazama kama mtu anayetazama njia asiyoijua. Wengine walisema majini, wengine walisema mizimu ya mlima imekasirika kwa kuhamishwa, na yupo aliyekwenda kuleta mnyororo, lakini marehemu alipanda juu ya bati yeye mwenyewe na umri wake wa miaka arobaini na saba, akakaa karibu na kijana, akaanza kuwaita mbuzi pamoja naye, mmoja mmoja, hadi wakafika wa kumi na nne, wakashuka. Pale chini Gabrieli alisimama mbele yake mikono imening'inia, akasema maneno ambayo marehemu hakuyasahau hadi kufa, "Daktari, nilikuletea mtoto mwenye akili za hesabu. Nirudishie."

Vidonge vikasimamishwa palepale. Kijana akapelekwa nyumbani kwa marehemu, mama Magdalena akatoa kitanda chake, akalala yeye kwenye mkeka wiki mbili na nusu, akimlisha uji kwa kijiko, na marehemu akaanza daftari jipya, ambalo kila ukurasa aliupiga mstari katikati, upande mmoja akaandika Mkojo, upande wa pili akaandika Moyo. Upande wa kwanza aliandika rangi na kiasi, upande wa pili aliandika amelala saa ngapi, amekula nini, amemtambua nani, amecheka au hakucheka, na kurasa za mwanzo za upande huo zinasomeka, hapana, hapana, hapana. Siku ya tisa kijana aliuliza leo ni lini, siku ya kumi na moja alicheka, na alicheka kwa sababu yangu mimi, nilipokuwa namsimulia jinsi nilivyomkaba chui wa Kingolwira kwa kamba ya mkonge, na siku ya kumi na mbili akamshika marehemu mkono akamwambia, "Daktari, nisichinjiwe jogoo. Nilidanganya. Ni bitiruti."

Sote tulingoja radi ipige. Lakini marehemu alisogeza kiti, macho yanamwaka kama mtoto aliyeona kiota, akauliza, "Ulikula ngapi?" Kijana akasema tisa. "Mbichi au za kuchemsha?" Kijana akasema za kuchemsha, akaanza kulia, na marehemu akampangusa kwa shati lake mwenyewe huku akiendelea kuuliza, zilianza kuonyesha baada ya saa ngapi, siku ya pili rangi ilikuwaje, hadi yule mtoto akasahau kulia akaanza kupiga hesabu za masaa, na mama Magdalena akaniambia mlangoni kwa sauti ndogo, "Amerudi. Anahesabu."

Kesho yake marehemu aliagiza kikapu kizima kutoka Mgeta, akala yeye siku tatu, nikala na mimi, yeye kumi, mimi ishirini na sita, tukatoka wekundu wote wawili, na jua lilipotoka tukajitazama kwenye darubini tukakuta hakuna yai hata moja, nyekundu tupu. Basi barua ikatoka wilayani ikiuliza ni nani aliyempa dawa kali mtoto asiye na ugonjwa, naye akajibu kwa mstari mmoja, "Kosa ni langu, I. Mloka," na kwa mstari huo nafasi yake ya kwenda kusomea utabibu wa daraja la juu mwaka 1976, ambayo alikuwa ameingoja miaka kumi na mitatu, akapewa mtu mwingine. Alikwenda nyuma ya nyumba akapalilia mchicha hadi jioni.

Kutoka hapo hakupima tena chupa kabla ya kumuuliza mwenye chupa. Kati ya mwaka 1975 na 1979 aliwaandika vijana themanini na sita wa Tupendane, wavulana kwa wasichana, wenyeji kwa wahamiaji, kila mmoja na mstari wake katikati ya ukurasa, akiwauliza wanalala vipi, wanakula na nani, ni lini mara ya mwisho walicheka hadi tumbo likauma, na alichokiona kilimshangaza hata yeye, kwamba wenye mayai mengi si wao waliokuwa na huzuni nyingi, waliokosa usingizi ni wale wa mkojo mweupe waliochekwa, na wasichana wenye damu ambao hawakuchinjiwa jogoo bali waliificha peke yao wakidhani wanakufa. Kwa hiyo alisema, na nilimsikia kwa masikio haya, "Mtani, ugonjwa ni mmoja, lakini aibu imegawanywa vibaya."

Mwezi Septemba 1976, siku yenye jua kali, aliweka darubini juu ya meza chini ya bendera mbele ya ofisi ya kijiji, akawaomba wazee waliochinjiwa jogoo walete chupa zao wenyewe, na wa kwanza kuinama kwenye darubini akawa Mzee Abdallah, ambaye alitazama muda mrefu sana hadi watu wakadhani amesinzia, maana yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mdogo mkiani, kisha akainuka polepole akasema, "Kumbe kadude kenye mwiba ndiko kalikokuwa kananiita mwanaume." Hakuna aliyecheka safari hii hadi alipocheka mwenyewe. Mwaka uliofuata kijiji kikabadilisha desturi bila kuiua, jogoo akawa anachinjwa siku ambayo mtoto, wa kiume au wa kike, amemaliza dawa na darubini imekuta maji yake ni safi, na watoto wa mlimani wasiokuwa na ugonjwa walichinjiwa wote kwa siku moja, jogoo ishirini na watatu, nami nilishuhudia mapaja yote arobaini na sita, mengine kwa karibu sana. Mwaka 1978 walikuja wataalamu wawili kutoka Dar es Salaam, wakakaa siku nne wakinakili daftari lile, wakamuuliza nani alimfundisha kupiga mstari ule katikati, akasema, "Mtoto mmoja juu ya bati."

Marehemu alistaafu tarehe 14 Mei 1982 akaja kujenga hapa Bigwa. Mwezi Agosti 1983 alianza kusumbuliwa na tezi ya kiume, mkojo ukawa wa shida, akalazwa mara tatu, akawekewa mpira wa kupitishia mkojo, naye hakuona haya kama wanavyoona wazee wenzake, aliwaeleza wageni kila kitu hadi wengine wakaacha chai yao, na aliendelea kujiandika mwenyewe pande zote mbili za mstari. Maandishi ya mwisho ni ya Alhamisi tarehe 8 Machi, yanasema, "Mkojo, kidogo, una damu. Moyo, umetulia, ila nataka sana kujua kinachofuata." Ijumaa tarehe 9 Machi 1984, saa kumi alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi tisa na siku ishirini na nne, hesabu hiyo imepigwa na Bonifasi, ambaye sasa ni fundi kiwandani Mzinga, na amekaa pale mbele, shati jeupe, mwanawe mapajani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, inawashukuru majirani wa Bigwa kwa kuni, maji na vyombo, inawashukuru wana Tupendane waliokuja na magunia mawili ya mchele na jogoo mmoja ambaye wamesema ni wa marehemu, inamshukuru Baba Padri, inawashukuru watumishi wenzake wote wa zahanati, wa kwanza mimi, na Paulo, popote alipo huko Kilosa.

Hapa kwenye karatasi nilikuwa nimeandika tumpe Paulo pole kwa sababu alikuwa kijana na hakujua. Nimeandika vizuri, nimeisoma jana mara tatu. Lakini jogoo ishirini na watatu mnaweza kuwahesabu, chui mnaweza kunikatalia, viazi ishirini na sita pengine vilikuwa kumi na nne, hayo ni mambo ya mtani. Paulo siwezi kumshukuru wala kumpa pole. Hakukuwa na Paulo. Hakuna mtu mrefu mwenye mwanya aliyewahi kufanya kazi Tupendane, tulikuwa wawili tu, mmoja alikuwa mjini kufuata dawa, na misalaba ile miwili kwenye daftari ni mwandiko wangu.

Marehemu aliujua mwandiko wangu kama alivyoujua wa mkewe. Siku ile ya bati, kabla barua ya wilayani haijafika, kabla hata hajanawa mikono, aliniuliza swali moja tu, "Mtani, Jumatano ile jua lilitoka?" Nikamwambia, lilitoka kidogo. Akanitazama kama alivyokuwa anatazama kitu kwenye kioo, akasema, "Haya." Hakuuliza tena miaka tisa, mtu ambaye aliuliza kila kitu, ila kila siku ya mawingu tangu hapo alikuja kukaa na mimi kwenye benchi kando ya darubini, chupa zimepangwa, tukangoja pamoja.

Bonifasi, baba, nisamehe ukiweza, na usipoweza ni haki yako. Mama Magdalena, yule aliyekulaza kwenye mkeka ni mimi.

Na wewe mtani wangu Ignas, ulitaka sana kujua, nami nimechelewa kukujibu, halikutoka, jua halikutoka siku nzima. Pumzika sasa kwa amani.